Mguu wa Fundi Shekue

Sogeeni karibu. Hadithi hii ina mguu mmoja na wenyewe wanne, na ni mmoja tu aliyezaliwa nao.

Huyo ni Fundi Shekue wa Tanga, aliyekanyaga cherehani kwa miaka thelathini. Wengine ni wanawake watatu wa hospitali moja. Mwanakombo alijua kutengeneza dawa. Salha alikuwa na jicho lisilodanganyika. Ndekwa, muuguzi, alifunga kidonda kwa subira ya mtu anayemvisha bibi harusi.

Kisukari kiliutafuna wayo wa fundi. Damu haikufika, kidonda hakikupona, daktari akaamua mguu ukatwe.

"Basi cherehani nayo mkaitupe," fundi akasema. Kisha akaapa mbele ya wodi nzima: binti yake ni mjamzito, akizaa mtoto wa kike, ataitwa jina la mtu atakayeuokoa mguu ule.

Mwanakombo alikuwa na dawa aliyoihangaikia miaka saba, ya kuita mishipa mipya ya damu iote penye kidonda kama mizizi inavyofuata maji. Akamweleza fundi wazi kwamba haijawahi kupakwa mtu. Kamati ya hospitali ikaruhusu, fundi akatia sahihi. Bila Mwanakombo, pasingekuwa na cha kupaka.

Salha ndiye aliyeipima kwenye mayai ya kuku yaliyoanza kuumba vifaranga. Alitoboa kidirisha kwenye ganda, akadondosha dawa, akahesabu mishipa.

"Punguza hadi robo," akasema. "Ikizidi, mishipa inaota ovyo na kuvuja."

"Mayai yako yana woga, dada."

"Mayai yangu yamekufa kumi na mawili. Fundi ni mmoja."

Mwanakombo alinuna siku mbili, akapunguza. Bila Salha, dawa yenyewe ingeumaliza mguu.

Siku ya kumi na moja tangu dawa ianze kupakwa, kidonda kilikuwa bado cheusi, na daktari alikwisha kuvaa glavu. Ndekwa akafungua bendeji kwa mara ya mwisho. Mwingine angefuta na kufunga. Yeye aliukodolea macho ukingo wa kidonda mpaka tone jekundu likachomoza. Akasimama akiziba mlango wa chumba cha upasuaji.

"Sista, tupishe."

"Mguu uliokufa hautoi damu, daktari. Njoo utazame."

Daktari akatazama, akavua glavu. Bila Ndekwa, mguu unaopona ungekatwa.

Miezi mitatu baadaye fundi alikuwa akishona, na binti yake akajifungua mtoto wa kike. Siku ya saba, siku ya kumpa jina, wale watatu wakaja, kila mmoja na doti ya kanga kwa somo wake.

"Bila dawa tusingekuwa hapa," akasema Mwanakombo.

"Salha ni jina fupi," akasema Salha. "Mtoto atajifunza kuliandika upesi."

"Mimi nimezoea kungoja," akasema Ndekwa, akakaa.

Fundi alimpakata mjukuu. Aliapa kumpa jina la mtu mmoja, na wodi nzima ilisikia. Wayo wake, wenye joto sasa, ukawa unakanyaga mkeka polepole kana kwamba unatafuta mwendo wa cherehani.

"Baba, sema basi," binti yake akamwambia.

Doti tatu, mtoto mmoja. Je, wewe ungemwita nani?