Joto la Kuazima

Palikuwa na mtu aliyerithi miti ambayo hakuipanda. Jina lake Anyelwisye, mchoma mkaa, na miti yenyewe ilifunika kilima kizima, miyombo na mininga, na juu kabisa mikuyu mikubwa iliyoizunguka chemchemi. Marehemu baba yake alimwachia neno moja: mkaa uchome wa matawi na wa miti iliyojifia, na ile ya chemchemi usiiguse. Alilishika neno hilo miaka mingi wala halikumlemea.

Mdogo wake, Lugano, aliachiwa shamba la chini, bondeni. Shamba bovu. Katikati yake palitoka maji moto yanayonuka kama yai viza, na watu wakipita walimtania, "Usijali, Lugano, maji ya moto hayachomi nyumba." Lugano alicheka nao, kisha akapanda na ndoo yake kwenda kuchota maji ya kunywa kwa kaka yake. Kaka alimpa, tena alipenda kumpa. Msiseme huo wote ni upendo, ndugu zangu. Mtu hupenda pia kuwa ndiye anayeombwa.

Basi wakaja watu wa kutafuta jotoardhi. Mwenyekiti akaitisha mkutano, na mtaalamu wao wa ramani, mama mmoja aitwaye Zawena, akaeleza taratibu ili kila mtu aelewe. Alisema chini ya milima ile kuna moto wa tangu kale, nao huchemsha maji yaliyo kwenye vilindi vya miamba. Ukiyafikia, mvuke wake unazungusha mitambo ya umeme. Moto huo kwa macho hauonekani. Kwa hiyo hupigwa picha kutoka juu, kwanza kwa setilaiti, kisha kwa kindege kisicho na rubani, na picha hizo haziangalii sura ya kitu bali joto lake. Kindege hupita kabla jua halijachomoza, maana jua likishapiga, kila jiwe hujifanya lina moto. Penye joto, ramani huwa nyekundu. Fedha zilizokuwapo zilitosha kuchimba kisima kimoja tu cha mvuke, na kijiji kizima kilikuwa kinakisubiri, kwa kuwa kwenye zahanati yao akina mama walikuwa wakijifungua kwa mwanga wa tochi.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe Lugano ndiye mwenye mali." Watu wakacheka, lakini kicheko cha siku hiyo kilikuwa na heshima ndani yake. Anyelwisye alikisikia, kikamwingia. Hakumchukia ndugu yake, hapana. Alijiona tu siku moja akishuka na ndoo kwenda kuomba, na picha hiyo ikamnyima chakula.

Akafanya jambo ambalo mkulima asingeliwaza, wala mchungaji. Yeye alijua kuzika moto. Alijua kupanga magogo shimoni, kuyafunika kwa nyasi na udongo, kuyawasha, kisha kuziba matundu moja baada ya jingine mpaka tanuri lipumue bila moshi na ardhi ya juu ibaki na joto kwa siku nyingi. Zamani alichoma matanuri mawili kwa mwaka. Sasa akakata miyombo yote ya upande wa mashariki, akachimba mashimo mteremko mzima, akayafukia na kuyasawazisha vizuri hata mtu akipita asijue amekanyaga nini.

Mkewe, Subilaga, alimkuta akifagia nyayo zake kwa tawi. Akamuuliza, "Miti ikiisha, mume wangu, tutakunywa nini?" Akaendelea kufagia.

Kindege kilipita. Ramani ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, na kilima cha Anyelwisye kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Shamba la Lugano halikuwa na kitu ila mstari mwembamba, rangi imefifia, unaotokea mbali na kupita chini ya yale maji yanayonuka. Watu wakampa Anyelwisye mkono, na mwenyekiti akaanza kumwita mzee wetu. Zawena peke yake ndiye aliyesimama muda mrefu mbele ya ramani. Akasema joto la kweli hufuata ufa wa mwamba, hutambaa kama mzizi, nalo ni nadra kukaa madoa madoa namna ile. Akasema picha huonyesha pa kwenda kutazama tu, ni lazima aende kwa miguu akapime.

Mnaona? Siku ya kupima ilipokaribia matanuri yalikuwa yamepoa. Ikambidi Anyelwisye akate na miti ya upande wa magharibi, awashe mengine.

Zawena alipanda, akachomeka chuma chake cha kupimia, na chuma kikatoka na joto. Akachomeka kwingine, hali ikawa ileile. Akatazama mteremko ulivyokuwa mtupu, akauliza miti ya hapa imekwenda wapi. "Imekufa kwa joto, mama," Anyelwisye akasema, na hakutazama chini. Sasa huo ndio uongo uliokuwa na bahati kuliko wote, kwa maana ni kweli kwamba juu ya moto wa ardhini miti huweza kukauka, na watu wa ramani huitafuta dalili hiyohiyo. Upara wa kilima chake ukawa ushahidi. Zawena bado aliomba muda, achunguze na maji ya Lugano, lakini wakubwa wake walikuwa wameshaona wekundu wa kuwatosha. Wakamwambia mvua iko karibu, barabara itafungwa.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya mtu huyu ilikuwa ndefu, kwa sababu alikuwa na miti mingi. Wakubwa walitaka picha ya pili ya kulinganisha, akachoma mininga pamoja na mizinga iliyokuwa juu yake, na nyuki wakaondoka wasirudi. Walipotuma habari kwamba wahandisi wanakuja kuchagua mahali penyewe pa kusimamisha mtambo wa kuchimba, kilima kilikuwa hakina kitu isipokuwa mikuyu ya chemchemi.

Alipanda na shoka akasimama pale. Kulikuwa na ubaridi wa maji, na majani yalikuwa mabichi kabisa. Hapo angeweza kuacha. Lakini kuacha sasa kulikuwa ni kukiri yote ya nyuma, na kila mti aliokwisha kuukata ulimsukuma aukate unaofuata. Alikata akilia. Lugano, kule bondeni, alisikia shoka, na harufu ya matanuri alikuwa ameijua tangu mwanzo, maana mchoma mkaa hamfichi jirani. Alijiambia kwamba aibu ya ndugu ni yake pia, akanyamaza. Na ukimya huo nao tutaulizwa.

Mtambo ukaja, ukasimamishwa palepale palipokuwa pekundu kuliko pote kwenye ramani, mbele ya kijiji kizima. Ulitoboa udongo uliokuwa na joto, watu wakashangilia. Ukafika kwenye mwamba, na mwamba ulikuwa baridi. Ukashuka zaidi, siku baada ya siku, ukileta juu vumbi la mawe, na kadiri ulivyoshuka ndivyo shangwe ilivyopungua, mpaka waliobaki kutazama wakawa ni Anyelwisye na mkewe. Halafu mtambo ukafunguliwa vipande ukapakiwa. Kisima kilikuwa ni kimoja tu, nacho kilikwisha. Ule mstari mwembamba wa bondeni haukuguswa, na haijulikani kama kuna atakayekuja tena kuugusa. Zawena, kabla ya kuingia garini, alikwenda kumpa mkono Anyelwisye. Alimtazama kidogo, akasema, "Pole, baba." Laiti angalimtukana.

Kiangazi kilipofika chemchemi ikawa nyembamba, ikawa tope, kisha ikawa udongo kama udongo mwingine. Subilaga ndiye aliyeanza kushuka bondeni. Alikwenda na kurudi, na maji aliyoyaleta yalinuka nyumba nzima. Siku moja mgongo ulimkamata, akalala kitandani, na mumewe akaichukua ndoo mwenyewe.

Njia yote aliandaa maneno. Alipomkuta Lugano ameinama kwenye maji yale ya watu kuyacheka, akabaki ameishika ndoo kwa mikono miwili mbele ya mdogo wake. Lugano alijisogeza kando kumpisha. "Chota, kaka," akasema. "Ila uyaache yapoe kwanza, maana yanatoka mbali sana."

Anyelwisye akachota, akaketi chini kando ya ndoo yake, mvuke ukimpiga usoni, na hakuinua macho hata watu wengine walipokuja kuchota. Hadi leo, ndugu zangu, akina mama wa kijiji kile wanajifungua kwa mwanga wa tochi.

Nanyi mlioketi hapa, ambao mnawaka mbele za watu hata majirani wanakuja kwenu kuota moto: siku mtakapochimbwa, ni nini kitakachokutwa chini?