Mtaalamu wa Mwewe

Jamvi limetandikwa?
Limetandikwa!
Masikio yapo?
Yapo!
Basi shibeni maneno, maana nyama ililiwa na mwingine.

Hapo kale, mwewe walipokuwa wengi na wataalamu wengi kuliko mwewe, paliondokea mjane, jina lake Bi Siwema. Shamba hana, mume hana, ng'ombe huwaona kwa jirani. Alikuwa na jogoo mmoja, matetea wawili na vifaranga tisa. Yai akibadili kwa chumvi, yai akibadili kwa unga, siku zikaenda. Kuku hao wakiisha, naye ameisha.

Kuku wake walijitafutia uwanjani. Jogoo kazi yake kutazama juu. Akiona kivuli hulia krrr, na vifaranga mbio, chini ya mama yao. Hata hivyo siku moja mwewe akapata mmoja. Siwema akaenda kulalamika kwa Jumbe, mkubwa wa kijiji. Hilo ndilo kosa lake, jamani.

Jumbe akamwambia atulie, yuko bwana mmoja ng'ambo ya mto, Bwana Mbaruku, amemsoma mwewe miaka saba. Akaitwa. Akaja na viatu vinavyolia kwi, kwi, kwi, akapiga hodi, akapewa kiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Na mgeni mwenye elimu hasemi na njaa. Achinjwe nani? Jumbe akaangaza uwanjani, akamwonyesha jogoo. Ndiyo, yule yule aliyekuwa akitazama juu. Mnacheka nini? Kijiji kizima kiliona sawa.

Bwana Mbaruku akala paja, akala kidari, firigisi akaletewa peke yake kwenye kisahani. Akajifuta mdomo, akatoa elimu: vifaranga wapakwe rangi nyekundu, mwewe hatajua kama ni chakula. Wakapakwa. Mwewe alishukuru sana. Zamani alikuwa akiwatafuta, sasa akawaona tangu ng'ambo ya mto. Akachukua wawili.

Bwana akaitwa tena. Kwi, kwi, kwi, hodi. Safari hii akachinjwa tetea mmoja. Akala, akajifuta mdomo, akasema vitundikwe vibuyu vitupu kwenye kamba, vigongane kwa upepo, mwewe ataogopa kelele. Vikatundikwa. Mwewe akatua juu ya kamba, akapumzika, akachagua wawili walionona.

Siwema akaketi kizingitini. Mwewe kala vifaranga watano, kila mmoja kama ngumi. Mtaalamu kala kuku wazima wawili, na mchuzi wao. Akalia kwa uchungu, kisha akaacha kulia, maana hasira ilikuwa kubwa kuliko uchungu. Na habari zikamfikia kwamba Jumbe amemwita bwana mara ya tatu, baada ya siku saba, aje amalize kazi. Kuku mkubwa amebaki mmoja tu, mama wa vifaranga. Kazi ingemalizika kweli.

Basi kila asubuhi Siwema akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka mbele, akakanyaga kwa kishindo, akasema hodi kwa sauti nzito ya kiume. Hapo hapo akawatupia kuku kaniki yake nyeusi, iwashukie kama kivuli cha mwewe. Siku ya kwanza kuku wakashangaa. Siku ya pili wakakimbilia kichaka cha miba kando ya uwanja. Siku ya tatu kaniki haikuhitajika tena, neno lilitosha. Majirani wakanong'ona kwamba maskini, kuku wamempanda kichwani.

Siku ikafika, Jumbe na watu wamekwisha jaa uwanjani. Kwi, kwi, kwi.

"Hodi," akasema Bwana Mbaruku.

Mama kuku akalia krrr, akajitoma kichakani, na wanawe wanne nyuma yake. Jumbe akatazama juu. Mbingu nyeupe, hata shomoro hakuna. Wakatumwa wanaume watatu wamkamate kuku, wakarudi na michubuko.

"Siwema," akasema Jumbe, "kuku wako analilia mwewe, na mimi mwewe simwoni."

"Nisamehe, baba," akajibu Siwema kwa adabu, macho chini. "Kuku wangu hakusoma. Yeye humjua mwewe kwa anachokula."

Bibi mmoja akacheka, na mwingine, na wote. Jumbe peke yake akawa anatafuta kofia yake, nayo iko kichwani.

Siwema hakumnyima mgeni chakula, hana tabia hiyo. Akampakulia ugali na mlenda. Bwana akala matonge mawili, akakumbuka ana safari. Elimu ya mara ya tatu hatukuisikia mpaka leo, na tunaishi.

Vifaranga wanne wakakulia kandokando ya kile kichaka, wakawa kuku, wakataga. Majirani nao wakaacha kufyeka vichaka vyao. Mwewe bado yupo. Siku moja moja humpata mmoja, lakini yeye huamka mapema, huruka mwenyewe, na hula kwa jasho lake.

Ngano yangu imeingia bandani, mlango nimeshindika. Aliyecheka amecheka, na aliyejiona humo asiniulize nani kaniambia.