Mchanga Safi wa Mto Tulia

Hodi ya hadithi!

— Iingie, mlango uko wazi!

Ikiingia haitoki mpaka iishe!

— Ikae, tumeiwekea kigoda!

Basi, hapo zamani jua lilikausha visima vyote vya milimani. Wanyama wakafunga mizigo, wakateremka kupiga kambi ukingoni mwa Mto Tulia. Uliitwa Tulia kwa sababu haukuwa na sauti. Maji yalipita bila kusema kitu, na ndege hawakulia juu yake. Mimi mto wa namna hiyo ningeupita mbio, lakini wanyama wana mambo yao.

Miongoni mwao alikuwemo Bi Sange. Mnamjua sange? Kamnyama kadogo, pua ndefu ya kunusanusa, miguu ya kukimbilia. Alikuja na hema lake la majani na watoto wake wawili, Kipute na Tunda. Watoto nao walikuja na jongoo wao wa kufuga, wakimwongoza kwa uzi wa nyasi.

Mwenyeji wa kambi alikuwa Mamba. Alijitokeza majini, macho tu.

"Karibuni, karibuni! Mko wangapi?"

"Shikamoo, mwenyeji. Tuko wanne," akajibu Bi Sange. "Mimi, watoto wawili, na jongoo. Hawa hawali mpaka jongoo wao ahesabiwe."

"Marahaba. Wa kufugwa ni ruhusa. Sasa chagueni. Kuna huku mchangani, laini kama unga. Kuna na kule juu mwambani, lakini kule ni upepo, ni siafu, na maji mbali. Wenye watoto wote hupenda mchangani."

Bi Sange akautazama mchanga. Ulikuwa umefagiwa vizuri, mistari mistari, na mistari yote ilielekea majini. Kandokando yake yalisimama mahema sita, milango wazi. Vyungu vilikuwa bado mekoni, na chakula kimekaukia ndani.

"Wenyewe wako wapi?"

"Waliondoka."

"Wakaacha vyungu?"

"Walikuwa na haraka," akasema Mamba.

Majirani walikuwa wawili tu. Mmoja ni Kobe, yule msafiri asiyehitaji hema kwa kuwa amebeba nyumba mgongoni. Alikaa karibu na gamba jingine la kobe, tupu. "Mimi nilikuja peke yangu," akasema kabla hajaulizwa. "Nadhani."

Wa pili ni Mama Kanga na vifaranga wake saba. "Pasafi hapa, dada yangu!" akamwambia Bi Sange. "Kila kukicha tunakuta pameshafagiwa. Mgeni ufanye nini zaidi ya kushukuru?"

Jua lilipokuwa linazama Mamba akatoa macho tena.

"Mama Kanga, mko wangapi?"

"Wanane, mwenyeji, ukinihesabu na mimi."

"Saba," akasema Mamba kwa upole, akazama.

Mama Kanga akacheka kidogo, kile kicheko cha kutomwudhi mtu. Lakini Bi Sange alilala na pua yake juu ya watoto. Karibu na alfajiri, usingizini, akasikia: fyaa... fyaa... fyaa.

Asubuhi mchanga unang'aa. Macho ya Mamba yakatokea.

"Mama Kanga, mko wangapi?"

Mama Kanga akahesabu. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu.

"Sa... saba, mwenyeji."

"Ndivyo mlivyokuja."

"Ndivyo tulivyokuja," akasema Mama Kanga, kwa sababu alilelewa kutombishia mwenyeji. Jamani, adabu nyingine!

"Na wewe, Bi Sange, mko wangapi?"

"Wanne."

"Watatu," akasema Mamba.

"Umemsahau jongoo wetu," akasema Kipute.

"Jongoo nimemhesabu." Mamba akamtazama Kipute, akamtazama Tunda, akarudi kwa Kipute, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akajiburuta hadi ukingoni, akapanua kinywa juani, akalala fofofo.

Bi Sange akawavuta watoto wake karibu. Akimbie? Milimani hakuna tone la maji, watoto watakufa kwa kiu njiani. Ahamie mwambani? Mamba anaupanda. Akafikiri, pua ikicheza, akajiuliza: Ni nani hapa anayejua maana ya mchanga kufagiwa? Akajijibu: Ni Mamba peke yake.

Akakata kitita cha nyasi. Akanyata mpaka alipolala Mamba. Fyaa, fyaa, fyaa, akafagia mkiani. Fyaa, fyaa, fyaa, akafagia ubavuni. Alipofika kinywani aliona unyoya mdogo wa madoa umekwama kwenye jino. Akaendelea kufagia. Mistari yote akaielekeza majini.

Kisha akawaendea majirani. "Nikisema neno mbele ya mwenyeji, mtaitikia?"

"Sisi wageni," akasema Kobe, "tunaitikia kila kitu."

Alasiri Mamba akaamka. Akaona mistari. Akautazama mkia wake, akaitazama tena mistari.

"Nani kafagia hapa?"

"Tumekuta pasafi tu, tunashukuru," akasema Bi Sange. "Mwenyeji wetu, mko wangapi?"

"Mimi? Mmoja!"

"Kumbe? Asubuhi mlikuwa wawili."

"Wawili," akasema Kobe.

"Wawili," akasema Mama Kanga.

"Mbona simkumbuki mwenzangu?"

"Ndivyo inavyokuwa, mwenyeji," akasema Bi Sange. "Basi, ulale salama. Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hesabu yako ya kesho. Hakuna."

Mamba akageuka kuutazama mto. Maji yalipita, kimya. Kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe akausikia ule ukimya, na akauvuta mkia wake mbali na maji upesi.

"Bi Sange," akanong'ona, "nichagulie mahali pengine pa kulala."

"Una familia?"

"Sina."

"Una wa kufugwa?"

"Sina."

"Basi wewe ni wa mwambani. Kuna pango jembamba kule, halina hata chembe ya mchanga. Hakuna wa kufagia."

Mamba akapanda. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akasukuma tumbo lake lililoshiba wageni. Kup! Mwamba ukambana. Mbele hapapiti, nyuma hapageuki, na jiwe limechemka kwa jua la kutwa.

Kulipokucha, hakuna aliyefagia. Mchanga ulikuwa umejaa nyayo za jana. Bi Sange akawagusa watoto kwa pua: Kipute, Tunda. Akawagusa tena: Kipute, Tunda. Akalia kwa furaha mpaka watoto wakaona haya.

Kutoka mwambani ikaja sauti iliyokauka: "Wageni... mko wangapi huko?"

Mama Kanga akapanda taratibu, akasimama mbele ya pango.

"Tuko saba," akasema. Kisha shingo ikainuka. "Tulikuja wanane! Unanisikia? Wanane! Yule mwingine jina lake ni Kidoti!"

Chini mtoni Kobe akaliwekea mkono lile gamba tupu. "Mke wangu," akasema. "Nilikuja na mke wangu."

Pangoni kukasikika kukwaruza tu. Siku ya tatu hata kukwaruza kukakoma.

Hadithi yangu imekunywa maji, imekunja hema, imeondoka.

— Iende salama, isisahau chungu!

Mnataka funzo? Lipo. Mkienda kupiga kambi mtoni, msimsumbue mwenyeji kwa maswali, wala msihesabu watoto wenu mara mbilimbili kama watu wasio na imani. Na mkikuta mchanga umefagiwa vizuri, mistari mistari, tandikeni mikeka yenu hapohapo, mlale. Usafi wa namna ile ni wa nadra sana.