Fisi na Ibada ya Kisimani

Mwaka ambao mvua iligoma, mbuga nzima ilibaki na kisima kimoja. Fisi akakikalia. Alikuwa amemshawishi Simba kwamba ibada ya kunywa maji aliteremshiwa babu yake pangoni, na wengine wote wameiiba.

Ibada yenyewe kila mnyama aliijua: unajimwagia vumbi, unapiga magoti, unakunywa funda moja, unainua kichwa kushukuru. Anayeifanya haguswi na mwenye meno yeyote, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kunywa bila hiyo.

Swala alifika na mwanawe, mtoto hata kulia hawezi tena kwa kiu.

"Karibu, mama," Fisi akasema. "Ila mnatumia ibada yetu bila ruhusa. Mwache mtoto nimfundishe asili ya ibada. Wewe kunywa, uende."

"Utamfundisha kwa meno?"

"Mama, usikufuru."

Sungura, aliyekuwa nyuma kwenye foleni, akamwendea Simba kivulini. "Mfalme, Fisi ana haki. Tuisafishe ibada. Kila cha kuazima kirudi kwa mwenyewe, ibaki ile ya pangoni tu."

Simba alipenda sana kuombwa hukumu. "Isafishwe."

"Vumbi!" Sungura akaita.

"Letu," Tembo akasema. "Linazuia kupe."

"Magoti!"

"Yangu," Ngiri akasema. "Kwa shingo hii fupi, nisipopiga magoti sili."

"Kuinua kichwa?"

"Jamani," Kanga akashangaa, "sasa maji yatashukaje kooni?"

Fisi akadakia. "Hayo ni mapambo tu! Kiini cha ibada ni chetu peke yetu: mlinzi wa kisima hula kwanza!"

Simba, aliyekuwa akisikiliza kwa jicho moja, akafungua la pili. Akasimama.

"Nani hula kwanza?"

Fisi alikuwa ameshatimua mbio. Walimwona akivuka bonde, mkia ameufyata.

Wanyama wakasogelea maji, kila mmoja akijimwagia vumbi na kupiga magoti kama siku zote. Kanga alikuwa tayari anamweleza Tembo kwamba vumbi nalo, kwa kweli, lilianza kwa kanga. Tembo alikasirika sana.

"Mama," mtoto wa Swala akauliza, magoti yake yakiwa chini, "hii ni yetu au ya Ngiri?"

"Kunywa kwanza," mama yake akasema.