Wembe wa Ukoo

"Kabla hujamfukuza mjane, chemsha wembe." Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia wanaogombana kule kisimani, nanyi mkacheka. Msicheke. Mjane mwenyewe alikuwa mama yangu, na kila nikiikumbuka siku ile damu inanichemka. Kaeni chini, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Baba yangu, Kisombe, alipofariki, ukoo ulianua matanga kwa desturi yake. Kila mwenye damu ya marehemu alinyolewa kichwa kwa wembe mmoja wenye mpini wa mfupa, kuanzia mkubwa hadi mtoto wa mgongoni. Wembe ule haukuoshwa kati ya kichwa na kichwa. Kuuosha lilikuwa tusi, ni kama kumwambia ndugu yako kwamba unamwona mchafu. Mjane peke yake alinyolewa pembeni, kwa wembe mpya wa dukani, maana yeye ni mtu wa kuja. Mama aliketi nyuma ya jiko akanyolewa kama asiye na wenyewe.

Wa kwanza kukalia kigoda alikuwa baba mkubwa Mwakio, kaka yake baba, mtu ambaye hakuvua kofia yake hata akila. Siku hiyo aliivua, akanyolewa, akaivaa tena upesi. Sisi wengine tukafuata.

Mwezi haukuisha, watoto tukaanza kujikuna. Vichwani mwetu mlitoka mabaka ya mviringo yenye magamba, na nywele zilizoanza kuota zikakatika. Wengine walitoka usaha. Mapunye tu, wala si ajabu! Lakini watu wazima wakatupaka majivu, wakatupaka hata mafuta ya taa, tukalia mpaka sauti zikakauka. Yalipozidi, wakaacha kutafuta dawa wakaanza kutafuta mchawi. Hawakwenda mbali. Kichwa cha mama kilikuwa safi, hakina hata kipele.

Baba mkubwa akaitisha kikao uani kwetu.

"Mama Righa," alimwambia mama, "ukoo mzima unajikuna, wewe peke yako mzima. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kesho urudi kwenu. Watoto na shamba vinabaki hapa."

Shamba! Baba hata kaburi lake halijaota majani, na huyu tayari alikuwa amelikodolea macho shamba lake. Nilimshika mama kanga yake kwa mikono yote miwili.

Mama alikuwa ametoka zahanati na sisi asubuhi ile. Muuguzi alikuwa amemweleza kwamba mapunye huletwa na vimelea vya fangasi, na kwamba vinahama kwa wembe, kitana, kofia na mto.

"Shemeji," alisema mama, "wanangu nao wanaumwa. Nimewaloga niliowazaa?"

"Mchawi hachagui."

"Basi vua kofia."

"Unanivunjia heshima mbele ya watu?"

"Vua!"

Hakuvua. Mama akamwendea akaivuta mwenyewe. Utosini palikuwa na baka kubwa, magamba yamekauka, nywele hakuna.

Bibi Wakesho, mama mzazi wa baba mkubwa, akainuka. "Mwakio, hilo baka unalo tangu kabla mdogo wako hajaugua. Nilikwambia uende zahanati."



"Wembe wenu haukunigusa kwa sababu mliniona si mtu wenu," mama alisema. "Dharau yenu ndiyo iliyonikinga! Uleteni hapa."

Akauchukua wembe wa ukoo akautosa katika sufuria la maji yaliyokuwa yakichemka jikoni. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mama hakuondoka. Watoto wote tulipelekwa zahanati tukapewa vidonge, maana mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu. Tulivimeza wiki nyingi, hata baada ya mwasho kwisha, kama tulivyoagizwa. Foronya na kofia zilichemshwa zikaanikwa juani, na kila mtu akawa na kitana chake.

Baba mkubwa yeye aliacha vidonge mara tu mwasho ulipotulia. Yakarudi. Na mnadhani alijilaumu? Thubutu! Mdogo wake wa mwisho alikuwa amefariki karibuni, na baba mkubwa akaanza kumwangalia mjane wa mdogo huyo kwa jicho lilelile, akinung'unika kwamba nyumba hii imeingiliwa. Hapo ndipo Bibi Wakesho alipomkemea mbele ya wajukuu zake, kwa maneno ambayo kijiji kizima kiliyachukua.

Mama alizeekea katika nyumba ile, akalima shamba lile, akazikwa hapo. Hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi. Kwa hiyo mkisikia watu wanamnyooshea kidole asiye na mtetezi, msinyamaze, waambieni alivyosema Bibi Wakesho: "Kabla hujamfukuza mjane, chemsha wembe."