Mfereji Uliochimbwa na Nguruwe

Sogeeni, na mwenye kikohozi akimalize sasa, maana hadithi hii nikishaianza hairudi nyuma. Wengine huwasimulia mambo ya kusikia. Hili mimi nililiona, na bila mimi lisingetokea, lakini hayo tuyaache kwanza.

Kwetu Mlaleni, milimani, walikuwako watu watatu. Mkawasi alikuwa na sikio: akilaza shavu chini, anasikia maji yanakopita udongoni. Mwadime alikuwa na mkono: kwa kombeo lake alimng'oa nzi begani mwa mtu, na mtu asishtuke. Mghoi alikuwa na ulimi. Mumewe alitorokea kwa mama yake. Mghoi akamfuata, na mama na mwana wote wakaomba radhi.

Mwaka ule masika yaliporomosha udongo ndani ya msitu, yakafukia kipande cha mfereji wetu wa mababu. Maji yakapotelea korongoni. Kiangazi kilipobisha hodi, mahindi yakaanza kujikunja.

Tukaenda kwa Bwana Maji wa kaunti. Akasema, "Maji ni ya kaunti. Chukueni!"

Tukafika kwenye ua wa msitu na majembe. Bwana Misitu wa serikali kuu akatuzuia. "Msitu ni wa serikali kuu. Binadamu haruhusiwi kuchimba humu."

"Lakini maji ni yetu, afande."

"Sijakataa. Yaiteni yaje."

Basi wakubwa wakabaki kutunishiana vifua, nasi tukabaki na kiu.

Mkawasi akatambaa kando ya ule ua, kwa nje, shavu chini, akiinuka sikio limejaa udongo. Mwishowe akanyoosha kidole. "Mfereji umelala kuanzia ule mwamba hadi mti ulioanguka. Bado unalia chini kwa chini." Bila sikio lile, nani angejua pa kuanzia?

Mwadime akajikuna kichwa. "Binadamu haruhusiwi kuchimba. Nguruwe je?" Akajaza kombeo viazi vitamu, akasimama nje ya ua, akavirusha kimoja kimoja vikazama kwenye udongo laini, vimenyooka kama mshono wa fundi cherehani.

"Unamlisha nani, wewe?" akauliza Bwana Misitu.

"Mafundi, afande."

Nguruwe mwitu wakanusa, wakaja, wakafukua kiazi baada ya kiazi. Kulipokucha mfereji ulikuwa wazi, maji yanateremka. Bila mkono ule, nani angewaajiri?

Ndipo Bwana Misitu akaja mbio na koleo. Mghoi akamngoja ng'ambo ya ua.

"Shikamoo, afande. Koleo la nini?"

"Marahaba. Naufukia uharibifu huu."

"Udongo wa kufukia utauchimba wapi?"

"Si hapa hapa!"

"Ndani ya msitu? Kwani wewe si binadamu, afande?"

Koleo likashuka polepole. "Basi nitawashtaki hao nguruwe!"

"Wa serikali kuu hao. Watumishi wenzako."

Bwana Maji naye akatokea, akataka maji yafungwe hadi kaunti itoe kibali. Mghoi akamgeukia. "Yafunge, baba. Ila mlango wake uko msituni. Muombe mwenzako akupishe." Wakatazamana, wakaondoka, kila mmoja akisema ameshinda. Bila ulimi ule, mfereji ungefukiwa kabla ya chai.

Sasa, desturi yetu ni hii: aliyeleta maji hupewa zamu ya kwanza. Na kiangazi kilikuwa kimeyanyonya mno. Yangetosha shamba moja tu. La pili yangelikuta limekuwa kuni, na mwenye shamba angekula kwa majirani hadi msimu mwingine.

"Mimi niliuona mfereji usioonekana," akasema Mkawasi.

"Uliuona, ukauacha umelala," akajibu Mwadime. "Mimi niliufukua."

"Na mngeufukua mpaka kesho," akasema Mghoi, "kama si mimi ungerudi kaburini. Nipisheni, mahindi yangu yananiita."

Na mgawa maji wa Mlaleni ni nani? Ni mimi. Jiwe la mgawanyo nimelikumbatia: nikilisogeza huku, Mkawasi anavuna, huku, Mwadime, kule, Mghoi. Niliwakumbusha kwa upole kwamba viazi vilikuwa vyangu. Walivyonitazama, nikaona hoja hiyo niimeze kwanza.

Jua linapanda, maji yamenifika vifundoni, na jiwe ni zito. Haya, wewe unayecheka hapo mbele: ungelisogezea wapi?