Pombe Aliyoimwaga Mghoi

Kabla milima haijatulia, mawe yote yenye kung'aa yalikuwa meupe kama maji. Siku hizo mlima uliosimama juu ya kijiji alimoishi Mghoi ulitema moto bila kubisha hodi, na kila kaya ilikuwa na zamu ya kuulinda. Baba wa kaya alishinda ubavuni mwa mlima na ngoma, aipige akiona moshi mweusi, watu wakimbie. Mwanamke hakuruhusiwa kuigusa ngoma hiyo.

Zamu ikamfikia Mwadime, mume wa Mghoi. Hakuwa mtu mbaya, ila pombe ya zambarau mwitu haikumwacha macho. Na chini ya mlima, kwenye mtama, watoto wao, Mkala na wadogo zake, walikuwa wakiamia ndege.

Mghoi alimbebea kibuyu cha pombe. Mwadime alipotangulia kuiwamba ngoma, mkewe aliimwaga pombe yote kwenye nyufa za mwamba, akajaza maji aliyoyakamulia zambarau. Rangi ile ile, ulevi hamna.

"Mama Mkala," Mwadime akasema baada ya kuonja, "mbona pombe hii imekonda?"

"Imekonda kama aliyeipika. Kunywa."

Akanywa, akanuna, akaungoja usingizi, usingizi usije. Mghoi hakuthubutu kushuka. Alitazama mara moshi, mara kope za mumewe.

Alasiri moshi ukawa mweusi. Mwadime aliuona kwanza. Ngoma ikalia, na kijiji kizima kikavuka mto.

Ng'ambo, Mghoi akamweleza. Mwadime akawahesabu watoto kwa kidole, akawahesabu tena.

"Uliimwaga yote?"

"Yote."

"Basi zamu ijayo mwaga tena."

Uji wa moto ulioshuka mlimani ulizifunika nyufa zile. Ulipopoa ukawa mwamba mweusi wenye vishimo tumboni. Maji yakapenya humo tone kwa tone, yakaikuta pombe ya Mghoi, yakaganda nayo polepole, vizazi kwa vizazi, yakaota kama meno.

Na tangu siku hiyo jiwe la rangi ya zambarau hujificha ndani ya jiwe lisilo na sura. Ni gumu, hukwaruza kioo, lakini likianikwa juani siku nyingi hupauka, na likitiwa motoni hugeuka manjano. Mwenye zamu ya kuwalinda wenziwe huvishwa kipande chake shingoni na mkewe, ambaye kwanza hukinusa kibuyu.